Dawati la Kwanza

Wapo mafundi wanaopima kwa futi, wapo wanaopima kwa shubiri, na alikuwepo Fundi Jicho. Futi aliivaa shingoni kama wengine wanavyovaa tai, kwa ajili ya heshima tu. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na mtoto akipita mara moja mbele ya mlango wake, ametumwa chumvi au anakimbiza mpira, ilitosha: kiuno, mabega, urefu wa sketi, vyote vimeshaingia kichwani. Mzazi aliyekuja kuomba mwanawe apimwe alijibiwa kwamba ameshapimwa tangu juzi, aje Alhamisi kuchukua. Na Alhamisi sare ilikaa mwilini bila kubana wala kupwaya. Akisifiwa hakujifanya mnyenyekevu. Alizipokea sifa kama mtu anayerudishiwa kilicho chake.

Alifanyia kazi chumba cha mbele kilichotazama barabara, na familia iliishi chumba cha nyuma, katikati pametundikwa pazia. Vitambaa vya bluu upande huu, vyeupe upande ule, pasi juu ya kipande cha bati, na cherehani ya miguu ambayo haikupumzika kwa sababu mwenyewe hakujua kupumzika. Alikuwa mtu wa kiherehere. Alikula amesimama, aliongea huku anakata uzi kwa meno, na hata akiketi mezani mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga sakafu. Mkewe, aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate na kutoka nyumbani kabla ya jua, alisema ameshazoea, kitanda chao kinashona chenyewe.

Mdomo wake nao haukuwa na breki, na habari yake ilikuwa moja: binti yake. Mtoto huyo alikuwa wa pekee, yuko darasa la sita, na baba yake ndiye aliyempa jina la utani la Kasuku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakunyamaza. Katika shule yao watoto waliketi kwa alama. Ijumaa walifanya mtihani, na Jumatatu asubuhi mwalimu alisoma majina, kila mmoja akabeba mkoba wake kwenda kwenye dawati lake jipya huku wenzake wanamtazama: wa kwanza dawati la kwanza, karibu na mlango, wa mwisho kule nyuma ukutani. Kasuku alikuwa amelikalia dawati la kwanza mwaka wa pili sasa bila kung'olewa. Mtaa mzima ulijua hilo, maana ukimuuliza Fundi Jicho bei ya sketi alikujibu kwa dawati.

Tuseme ukweli, lile dawati alilikalia yeye. Mwenyewe shule aliiacha darasa la nne, mjomba wake alipohitaji mtu wa kutia vifungo, na hakuna aliyemrudisha, kwa sababu siku hizo sheria ya kumlazimisha mtoto kwenda shule ilikuwa haijafika kwao. Ilipofika aliipenda kuliko walioitunga. Kwenye mkutano wa wazazi, ilipopendekezwa kamati ipite nyumba kwa nyumba kila Jumanne kuwasaka watoto watoro, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake, na hakuishia kwenye kuinua mkono. Alikwenda kwenye misako hiyo. Siku moja walimkuta msichana aking'ang'ania mwimo wa mlango wa kwao, analia hatoki, na Fundi Jicho akambandua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku akimtania kwamba hajawahi kufumua mshono mgumu kama ule. Kisa hicho aliwasimulia wateja mara nyingi, nao walicheka.

Muhula wa pili ulipokaribia alimshonea Kasuku sketi mpya. Hakumwita hata asimame amtazame. Mtoto anayelala nyuma ya pazia lako unamtazamia nini? Vipimo vyake alikuwa navyo, akaongeza kidogo tu kwa ajili ya kukua, akashona. Kasuku akaivaa, akapiga hatua mbili, sketi ikamteremka mpaka kwenye nyonga. Baba yake akacheka, akaifumua, akaipunguza kiuno. Wiki hiyo hiyo akamshonea shati, na mabega ya shati yakaangukia kwenye mikono. Safari hii hakucheka.

Fundi mwingine yeyote angeshika futi, akamzungushia mtoto kiunoni, akajua palepale kilichotokea. Lakini huyu hakuwa fundi mwingine yeyote. Alichofikiri yeye ni kwamba jicho lake limekwisha. Alikuwa amekosea mara mbili mfululizo, tena kwa mtoto wake, na hofu ikamwingia kwenye mifupa. Akaanza kujijaribu kwa siri. Alifumba jicho hili akatazama kwa lile. Alitunga uzi kwenye sindano mbali na dirisha aone kama ataweza. Usoni pa wateja alijitia kucheka kama kawaida, wakishaondoka anaichomoa futi na kupima tena kila alichokikata, na kila mara alikuta jicho lilikuwa sawa. Hilo lilimzidishia wasiwasi badala ya kumtuliza, kwa kuwa kitu kinachoharibika leo na kupona kesho hujui utakishikaje.

Mkewe alimwambia kwamba mtoto hali chakula. Akajibu kwamba wasichana wakikua huchagua chagua. Mkewe akamwambia kwamba mtoto kila alfajiri analalamika tumbo. Akajibu amnunulie dawa ya minyoo. Kasuku mwenyewe alikuwa ameacha kusema, anarudi jioni, anajilaza amegeukia ukuta, na baba yake alipita kwa kunyata akiamini anakariri masomo. Kinyozi hajinyoi, na huyu wetu alikuwa ameupima mtaa mzima.

Asubuhi moja alifunga mlango, akasema anakwenda kutafuta uzi, akaenda hospitali kupimwa macho. Hakutaka mtu ajue. Fundi wa kupima kwa jicho anayeonekana kwenye foleni ya macho ni sawa na mwizi wa kuku aliyekamatwa na manyoya. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi marefu ya mbao, watu wa macho upande mmoja, watu wa meno upande mwingine, na ukipita ushoroba unafika kwenye mlango ambao watu waliuita chumba cha mwisho. Humo walitibiwa wagonjwa wa akili. Wenye aibu zao, yaani karibu wote, waliingilia mlango wa nyuma, kule kwenye kamba za kuanikia mashuka.

Fundi Jicho hakukalika. Alisimama, akaketi, akasoma tangazo la kunawa mikono, akaketi tena. Mwishowe, ili roho itulie, akaanza kuwapima wagonjwa. Akamkatia bibi mmoja blauzi kichwani mwake. Akamkatia mwanamume mwenye bandeji suruali. Kwenye benchi la mwisho, karibu na ukuta, alikuwepo mtoto aliyejifunika sweta kubwa, ameinamisha kichwa, na chini ya sweta inaonekana sketi ya bluu. Akampima: kiuno cha darasa la tatu, mabega ya darasa la tatu, ila mikono ni mirefu kuliko hapo. Akamsikitikia. Akajisemea kwamba wazazi wengine nao wana mambo, mtoto anakonda mpaka anakaribia kuisha na wao wapo tu wanamtazama.

Mtoto akainua kichwa, na alikuwa Kasuku.

Jicho la fundi halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa limeona sawasawa. Akaenda akasimama mbele ya binti yake.

“Unamngoja nani hapa?” akauliza.

“Simngoji mtu, baba.”

“Sasa unafanya nini?”

Kasuku alitazama viatu vyake. “Hapa mtoto akikaa hakuna anayemuuliza.”

Muuguzi aliyekuwa akiita majina alisogea, akauliza kama huyu ni wake. Akasema amekuwa akimwona hapo siku nyingi, anakuja asubuhi anaondoka wakati shule zikitoka, na wao walidhani ana mgonjwa wodini. Kisha kwa sauti ya chini, bila dharau, akamwambia kwamba pengine ingefaa mtoto aonwe kule mwisho, na kwa kidevu akaonyesha ushoroba. Fundi Jicho alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Alijibu kwa sauti iliyogeuza vichwa vya mabenchi yote kwamba mwanawe anakaa dawati la kwanza. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za dawati. Akamshika Kasuku mkono wakaondoka, na jina lake lilipoitwa kwa ajili ya macho hakuwepo wa kuitika.

Mkewe aliporudi kutoka kazini, unga ungali kwenye mikono, aliwakuta wameketi kila mmoja ukuta wake. Aliposikia, kwanza alimgombeza mumewe, halafu akajigombeza mwenyewe, halafu akaketi kitandani, akamvuta mtoto, na hakuuliza chochote mpaka mtoto alipoanza mwenyewe. Ilianza mwaka uliopita. Jumapili jioni tumbo lilikuwa likimkaza, Jumatatu alfajiri likazidi. Akiketi darasani alisikia moyo unampiga masikioni, na ubao ukawa unasogea. Rafiki yake, aliyekaa dawati la pili, aliacha kusema naye, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa akingoja mwenzake akosee. Halafu Jumatatu moja alifika getini akashindwa kuingia. Kesho yake alikutana na mwalimu wa darasa njiani, akamwambia kwamba mama yake amelazwa na yeye ndiye anayemhudumia, na baada ya hapo hakulazimika kusema uongo mwingine, ule mmoja ulitosha kwa siku zote.

“Lakini wewe ni wa kwanza,” baba yake akasema. “Ungekuwa wa mwisho ningeelewa.”

“Aliye nyuma ameshaanguka, yamekwisha,” Kasuku akasema. “Mimi kila Jumatatu nangoja kuanguka. Na wewe umeshawaambia watu wote.”

Fundi Jicho alisikia, lakini kusikia si kuelewa. Mguu ulikuwa umeshaanza kukanyaga. Akasema kesho atampeleka mwenyewe, ataongea na walimu, yatakwisha, hofu ni kitu cha kuzoea. Mkewe akamsihi angoje angalau wiki. Akamjibu kwamba shule ni sheria, si harusi useme utakwenda ukipenda.

Asubuhi wakatoka. Njia nzima aliongea yeye, kuhusu mvua, kuhusu bei ya vifungo, kuhusu mwalimu wake wa darasa la nne, na mkono wa Kasuku ndani ya mkono wake ulikuwa baridi na unyevu. Getini walimkuta mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, anawahimiza waliochelewa. Alipomwona fundi uso ukamlainika.

“Pole na kuuguza,” akasema. “Mama Kasuku anaendeleaje?”

Fundi Jicho akababaika, akasema anaendelea vizuri, ameamka na nguvu, na kabla hajajua ajitoe vipi kwenye uongo ambao hata hakuutunga yeye, Kasuku alikuwa ameshika nguzo ya geti. Pumzi zikawa fupi fupi, jasho likamtoka juu ya mdomo. Baba yake akamwambia twende. Akamwambia tena, kwa upole, akicheka kidogo kwa ajili ya watoto waliokuwa wakitazama. Kisha akainama akaanza kumbandua vidole. Alikuwa amekwisha kubandua vitatu alipotambua mikono yake inafanya nini, na kwamba inaifanya kazi hiyo vizuri, kama kazi iliyoizoea. Alikumbuka yule msichana wa kwenye mwimo, na aliona aibu ambayo hajapata kuiona. Akauachia mkono wa mwanawe, na vidole vikairudia nguzo.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliwavuta pembeni, akasikiliza, akapangusa miwani yake muda mrefu. Alisema sheria haimuulizi mtoto kama anataka, na kila dawati tupu ni yeye anayelitolea maelezo. Lakini sheria inaujua ugonjwa. Daktari akisema mtoto anaumwa, hakuna atakayemgusa. Asiposema, Jumanne kamati itapita kwake kama inavyopita kwa wengine, na baada ya hapo ni mahakama.

“Na kazi hiyo unaijua kuliko mimi, fundi,” alimaliza, na hakuwa akitania.

Ikabidi kwenda chumba cha mwisho. Walipitia mlango wa nyuma, wakainamia mashuka yaliyolowa, Fundi Jicho akitangulia na kuchungulia kama anayevuka mpaka bila kibali. Ndani palikuwa na meza, viti vitatu na mama daktari mnene mwenye sauti ya taratibu, taratibu mno kwa mtu wa kiherehere. Alimuuliza Kasuku anapenda nini. Fundi akajibu hesabu. Alimuuliza Kasuku analala vipi. Fundi akajibu fofofo. Kila fundi alipojibu daktari aliendelea kumtazama mtoto, mpaka Kasuku akajibu mwenyewe, na majibu hayakuwa yale ya baba yake. Mwisho daktari alisema huu si wehu. Ni hofu iliyopita kiasi mpaka ikawa ugonjwa, kama joto la mwili linavyopita kiasi likawa homa, na una tiba yake. Apumzike kwanza, awe anakuja hapo kuongea naye, kisha arudi shule kidogo kidogo, na asirudishwe kwenye kiti kile. Akavuta karatasi ili awaandikie shule.

Fundi Jicho aliuona muhuri mezani. Jina lote la kitengo lilikuwa juu yake, kwa herufi kubwa. Akamwambia daktari asihangaike, walimu ni watu wake, atawaeleza kwa mdomo.

“Utawaeleza?” daktari akauliza.

“Nitawaeleza.”

Njiani Kasuku alimuuliza atawaambia nini. Akajibu kwamba atasema tumbo.

“Tumbo nimeshalitumia, baba,” Kasuku akasema.

Hakumweleza mtu yeyote. Siku zilizobaki mpaka Jumanne hazikuwa na mahali pa kukaa. Alikata kitambaa cha mtu upande wa nyuma. Alisahau pasi mpaka ikaacha alama ya kahawia kwenye shati jeupe. Wateja walipouliza habari za dawati la kwanza, akawajibu kwa bei ya sketi, wakashangaa. Mkewe alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akamjibu kwamba yeye anashinda na mikate, haujui mdomo wa mtaa. Wakishasema binti ya fundi ni mwehu watalisema mpaka anaolewa, watalisema mpaka anazaa, na mtoto wake atalikuta linamngoja. Mkewe akasema mdomo wa mtaa anaujua sana, analala nao. Usingizi ukawa wa vipande. Kasuku alikula kidogo zaidi ya mwanzo, si haba, lakini kila mtu akipiga hodi aliruka.

Jumanne wakaja. Mbele alikuwa seremala, mwenyekiti wa kamati, rafiki wa Fundi Jicho tangu ujana wao. Nyuma yake wazazi wawili aliotembea nao misako yote. Na nyuma yao watu wasio na kazi, ambao msako hauwakosi. Wote walijua njia ya nyumba ile na wote waliona haya kuwa hapo. Fundi alisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku kwenye mwimo, na alisikia nyuma ya pazia kitanda kikilia.

Seremala akasafisha koo. Alisema yeye ametumwa tu. Alisema mtoto hajaonekana shuleni muda mrefu, na mwalimu mkuu hajaletewa neno la daktari. Kisha, kwa kuwa alikuwa rafiki, akamtafutia mwenzake mlango wa kutokea.

“Tuseme tumbo, fundi? Au malaria? Sisi tutaelewa. Ilimradi Jumatatu awe amepona.”

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Tumbo. Lilikuwa neno jepesi, halina aibu, kila mtu analo tumbo. Wangeitikia, wangempa pole, wangekwenda zao kwenye nyumba nyingine. Lakini Fundi Jicho aliiona ile Jumatatu. Aliiona nguzo ya geti, akaviona vidole, na akajua kwamba akisema tumbo leo atakuwa amekubali kuvibandua siku hiyo.

“Si tumbo,” akasema. “Wala si malaria. Mwanangu anaumwa hofu. Tunamtibu hospitali, chumba cha mwisho. Jumatatu haji, na Jumatatu itakayofuata haji. Kama ni mahakama nipelekeni mimi, lakini humu mtoto hatolewi kwa kubanduliwa vidole. Na yule tuliyembandua, nilikosea, nitakwenda kwao kuwaambia.”

Huko nyuma mmoja akacheka kidogo, akaacha alipoona yuko peke yake. Mama mmoja wa kamati alishika kinywa, na haikujulikana kama ni huruma au ni habari aliyokuwa akiizuia isitoke mapema. Seremala alitazama chini, akasema basi alete neno la daktari, naye atamweleza mwalimu mkuu kama alivyosikia. Akampa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akawaongoza wenzake kwenda mbele. Kabla hawajafika kwenye kona minong'ono ilikuwa imeshaanza.

Fundi Jicho alifunga mlango. Mwili ulikuwa mwepesi, kifua kimefunguka, hata alisikia njaa. Alikuwa amefanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, tena mbele za watu. Tuseme tena ukweli, alitarajia kukumbatiwa. Akafungua pazia.

Kasuku alikuwa ameketi kitandani, magoti yamefika kidevuni, uso umelowa. Hakuonekana kama mtu aliyeokolewa. Alikuwa na hasira.

“Umewaambia,” akasema.

“Nimewaambia.”

“Wote?”

“Waliokuwepo wote.”

“Habari za dawati uliwaambia wewe,” Kasuku akasema. “Na hili umewaambia wewe. Ungeniuliza kwanza.”

Fundi Jicho alifungua mdomo. Majibu alikuwa nayo tele: kwamba hakukuwa na nafasi, kwamba aibu ameibeba yeye, kwamba kama si yeye sasa hivi mtoto angekuwa njiani kwenda shule anaburutwa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa. Neno la mtoto lilimuuma kuliko alivyoumia hospitalini, kwa sababu kule alikuwa hajui, na hapa alidhani ameshajua. Akavuta kigoda, akaketi karibu na kitanda.

“Kweli,” akasema. “Sikukuuliza.”

Kasuku alijifuta uso kwa sweta.

“Nakuuliza sasa. Unataka nifanye nini?”

Nje mteja alipiga hodi, akaita fundi, akasema amekuja kuchukua shati. Fundi Jicho alikaribia kuinuka. Alikaribia pia kusema kwamba anaweza kumtafutia shule nyingine, kwamba wanaweza kwenda kwa shangazi yake kwa muda, kwamba kama anataka ataongea na mwalimu mkuu habari za viti vile mpaka viondolewe. La kwanza lilikuwa limeshafika mdomoni.

“Usinijibie,” Kasuku akasema. “Sijui bado. Ngoja.”

Mteja akapiga hodi tena, akaita, akagonga dirisha, halafu akaenda zake. Fundi Jicho alikuwa bado anangoja.